Mbuzi Kwenye Slaidi ya Mtoto

Chumba ninachofanyia kazi kilikuwa stoo ya mashuka kabla hakijafanywa maabara, na sidhani kama mashuka yenyewe yaliridhika nacho. Hakina dirisha. Mlango unafunguka nusu tu, kwa sababu nyuma yake kuna kabati la slaidi ambalo hakuna mwenye ubavu wa kulihamisha, kwa hiyo kwa miaka kumi na sita nimeingia na kutoka kiupandeupande. Dawa ya kuhifadhia nyama imenikaa puani hadi siku za mapumziko naisikia kwenye chai. Hospitali nzima inaniita Wembe. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yangu, lakini wenyeji wanajua ni kwa sababu ya mdomo wangu.

Kazi yenyewe ni kukata. Mgonjwa akitolewa kinyama, kinaletwa kwangu kwenye chupa. Nakigandisha ndani ya nta, nakifunga kwenye mashine, nakikata vipande vyembamba kiasi kwamba unywele mmoja ungetoa vipande ishirini. Vipande hutoka vimeshikana, navielesha juu ya beseni la maji ya uvuguvugu ili vikunjuke, kisha nachota kimoja kimoja kwa kioo. Kioo hicho ndicho slaidi. Natia rangi, zambarau na waridi, halafu daktari anakiweka chini ya hadubini na kuandika kinachomsumbua mgonjwa. Watu wanamwogopa daktari wa upasuaji na kisu chake, hawajui kwamba neno la kufa na kupona mara nyingi linatoka kwenye stoo ya mashuka.

Daktari aliyekuwa akisoma slaidi zangu wakati huo ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba. Mjomba na mkewe walinichukua wakanilea pamoja na watoto wao, na sijawahi kulala na njaa kwao wala kuitwa mtoto wa watu. Kazini namwita Daktari, nyumbani namwita Mjomba. Mkewe namwita Mama, basi.

Mjomba ndiye aliyenionyesha hadubini kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na moja. Aliniweka juu ya kiti kirefu akaniambia nifumbe jicho moja. Nikaona seli kubwa za duara, kila moja na kiini cheupe, na ndani ya kiini nukta moja nyeusi, kama jicho linalonitazama. Pembeni ya kila seli kubwa kulikuwa na seli ndogondogo zimeizunguka.

"Hiki ni kifundo cha neva," aliniambia. "Tunaita ganglia. Hizo kubwa ndizo zinazotoa amri, hizo ndogo zinazihudumia. Hii ni ya mbuzi."

"Na yangu iko vipi?"

"Hivyo hivyo. Wewe na mbuzi mnatofautiana kwa mengi, lakini hapo ukiwekewa kipande kidogo tu huwezi kujua nani ni nani."

Nilicheka siku nzima. Kuanzia hapo sikutaka kazi nyingine.

Miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia, Mjomba alianza kupoteza katikati ya macho yake. Pembeni aliona vizuri: alitembea, alisalimia watu, alimimina chai bila kumwaga. Ila kile anachokikodolea ndicho kilichofutika, na kazi yake yote ilikuwa kukodoa. Aliniambia mimi peke yangu, ndani ya stoo hii, mlango umefungwa. "Nisitiri mpaka nistaafu," alisema. Mtu aliyekulea akikuomba sitara, utamwambia ngoja nifikirie?

Ikawa hivi. Nakata, natia rangi, nasoma mwenyewe, kisha naweka nukta ya wino juu ya kioo mahali penye jibu na kumnong'oneza nilichokiona. Yeye anainama kwenye hadubini, anasema "Naona," anaandika, anasaini. Nukta ya wino si jambo la ajabu, madaktari wengi huziweka ili wasipoteze mahali. Ajabu ni kwamba zetu ziliwekwa na mkataji asiye na cheti cha kusoma hata kidonda. Na niseme ukweli, nilipenda. Nilisoma vitabu vyake vyote, nikawa mzuri, na uzuri wangu ulikuwa na shahidi mmoja tu, naye alikuwa haoni.

Jumatatu ile mambo mawili yaligongana. Chuo cha udaktari kilitaka slaidi arobaini za ganglia ya mbuzi kwa ajili ya mtihani, za uti wa mgongo na za utumbo, na mtu wao alinipigia simu mara tatu kunikumbusha kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Nikiwa katikati ya kuzikata, ikaletwa chupa yenye karatasi nyekundu ya haraka. Kinyama cha utumbo wa mtoto mchanga wa siku kumi na mbili, tumbo limejaa, choo hakitoki tangu azaliwe.

Swali la daktari wa upasuaji lilikuwa moja. Katika ukuta wa utumbo, katikati ya tabaka za misuli, kuna ganglia ndogo zinazouamuru utumbo usukume. Kuna watoto huzaliwa bila hizo katika sehemu ya mwisho. Sehemu hiyo hubaki imejikaza, hakuna kinachopita, na tumbo hujaa nyuma yake mpaka liharibike. Zisipokuwepo, mtoto anapasuliwa sehemu hiyo iondolewe. Zikiwepo, anarudi nyumbani, tatizo ni jingine dogo. Jibu ni zipo au hazipo, na maisha ya mtoto yamelala juu ya neno hilo moja.

Kuna sheria ya beseni. Ukimaliza nyama moja unapitisha karatasi juu ya maji, unayamwaga, unatia mengine, ndipo unaanza nyama nyingine. Sheria hiyo nimewafundisha wengi na kuwakaripia wengi zaidi. Jumanne asubuhi, nikiwa nimekasirishwa na simu ya nne ya chuo, nilitoka kwenye mbuzi nikaingia kwenye mtoto bila kugusa maji. Sina kisingizio.

Slaidi kumi na tatu za kwanza za mtoto hazikuwa na kitu. Ya kumi na nne, ukingoni, nikaziona: seli nne nzuri za duara, viini vyeupe, nukta nyeusi. Nilifurahi kama nimejifungua mimi. Nilikuwa nimeona pia, katika slaidi zote, neva nene zilizolala kama kamba, na neva nene bila ganglia ni dalili mbaya kabisa. Nilijiambia kwamba si nene sana. Mtu akishapata anachokitaka, macho yake nayo hupofuka. Nikaweka nukta ya wino, Mjomba akainama, akasema "Naona," akaandika: ganglia zipo.

Mchana ule nilipokuwa natoka, kiupandeupande, nikamkuta bibi mmoja kwenye benchi la ukumbini, ameshika mfuko wa nepi.

"Samahani mwanangu, ni humu wamepima kinyama cha mjukuu wangu?"

"Ni humu, bibi. Ila mimi nakata tu, daktari ndiye anayesoma."

"Wamesema hapasuliwi. Tunarudi kwetu kesho." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama yake hajalala tangu ajifungue. Mungu akubariki mkono huu."

Nikaitikia amina na kwenda kula.

Alhamisi asubuhi nilikuwa napanga slaidi za mbuzi kwenye sanduku la chuo, naziangalia moja moja. Ya tisa ya utumbo ilikuwa na pengo dogo ukingoni, pale penye ganglia. Nyama imechanika. Nyama ikichanika juu ya maji, kipande hakipotei, kinaelea tu mpaka kipate kioo cha kukipandisha. Nikaenda kabatini nikatoa slaidi za mtoto, ya kumi na tatu, ya kumi na nne na ya kumi na tano, nikaziweka chini ya hadubini kwa zamu.

Seli moja ya ganglia ina unene wa vipande vyangu vitano au sita. Ikionekana kwenye cha kumi na nne, lazima uione imekatwa pia kwenye cha kumi na tatu na cha kumi na tano. Haikuwepo. Seli zangu nne nzuri zilikuwa kwenye kioo kimoja tu, zimelala juu kidogo ya nyama nyingine, na nilipolinganisha ukingo wao na lile pengo, vilishikana. Nilikuwa nimemrudisha mtoto nyumbani na ganglia za mbuzi.

Ofisi ya Mjomba imeungana na stoo yangu. Nikaingia bila kubisha.

"Daktari, yule mtoto wa utumbo. Zile ganglia ni za mbuzi."

"Una uhakika?"

"Wa mbuzi ninao. Za mtoto sijaziona hata moja."

"Nyama imebaki kwenye nta?"

"Imebaki."

"Basi kata mpaka iishe. Usimwambie mtu kwanza."

Nikakata. Nilibadilisha maji kila vipande vitatu, uangalifu uliochelewa siku mbili. Slaidi sitini na mbili. Kila niliposogeza kioo nilimwomba Mungu anipe seli moja tu, hata mbovu, hata nusu. Kila mahali palikuwa na zile neva nene, zimepita katikati ya misuli bila kifundo. Saa nane mchana mashine ilikata nta tupu. Nyama ilikuwa imekwisha.

"Hakuna," nilimwambia Mjomba. Alikuwa amekuja kusimama mlangoni, katika ile nafasi ya nusu mlango. "Andika marekebisho, nimpigie daktari wa upasuaji. Wamtafute leo."

"Tungoje Jumatatu," alisema.

"Tungoje nini?"

"Mtoto akizidiwa watamrudisha wenyewe. Atapasuliwa, na hakuna atakayeuliza slaidi."

"Na utumbo ukipasuka njiani?"

"Si wote wanaopasuka."

Nilimtazama mtu aliyenifunga kamba za viatu siku yangu ya kwanza ya shule, nikamchukia. Haikudumu, lakini ilitokea, na siwezi kuifuta.

"Nisikilize, mwanangu," alisema, na hapo nikajua tumetoka kazini tumeingia nyumbani. "Marekebisho ya namna hii yanaitisha uchunguzi. Wataleta daktari kutoka nje. Tutakaa naye kwenye hadubini ya watu wawili, ataniambia angalia pale, na mimi sitaiona hiyo pale. Atauliza miaka yote hii nani alikuwa anaona. Utamjibu nini? Mkataji anayetoa majibu ya saratani za watu? Mimi watanistaafisha. Wewe watakushtaki."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nikalifikiria, nikiwa nimesimama kati ya mashine na kabati, na Mjomba ameziba upenyo pekee wa kutokea. Hewa ya mle ndani ilikuwa nzito kwa dawa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, ila hawakusema mtu afanye nini kama hajui ni nani kati yao aliyelichuma. Yeye alinifundisha kuona, nami nikamfundisha kutegemea kuona kwangu. Nikisema, namzika. Nikinyamaza, kuna mtoto wa siku kumi na tano mahali fulani tumbo linamjaa kwa sababu nilikasirishwa na simu. Kama angekuwa mwizi ningemshtaki bila shida. Alikuwa mzee mwenye hofu, na mimi nilikuwa na hofu kuliko yeye.

"Yule bibi alinibariki mkono," nilimwambia.

"Bibi gani?"

"Bibi yake. Alikuwa hapo nje."

Simu ya ukutani iko karibu na beseni. Nikaiinua, nikaomba chumba cha upasuaji. Daktari wa upasuaji wa watoto ni kijana mwembamba tunayemwita Mbio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitembea.

"Ni Wembe hapa, maabara. Yule mtoto uliyemruhusu jana, jibu lake si sahihi. Hana ganglia. Kilichoonekana ni uchafu kutoka nyama nyingine. Mtafute leo hii."

"Nani amesema? Daktari ameona?"

"Aliyeona ni mimi," nilisema. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuendelea, ya kumwaga yote, miaka minne yote. Mkono ukaja kutoka pembeni ukanitoa simu sikioni.

"Ni mimi, Daktari," alisema Mjomba. "Nimeliona leo katika kupitia upya. Nilisoma vibaya, macho yangu yamenisumbua mwaka huu na sikusema. Mrudisheni mtoto." Akasikiliza. "Hapana, huyu hahusiki. Huyu ni mkataji tu. Hajawahi kusoma slaidi yangu hata moja."

Akarudisha simu mahali pake, akanipapasa bega, akatoka. Nilibaki nimeegemea kabati. Nilikuwa nimeokolewa, na palepale nilikuwa nimefutwa, na sikujua nilie kwa lipi.

Simu ya bibi ilikuwa imezimwa. Mbio aliipigia zahanati ya kwao, wakamtuma mtu mwenye pikipiki. Mtoto alifika Ijumaa saa tano asubuhi, tumbo limekaza na kuwa na rangi ya kijivu, anatapika kijani. Walimpasua mchana uleule. Mbio aliniambia baadaye, akiwa amesimama kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwamba kama wangengoja mpaka Jumatatu wangempasua maiti. Mtoto aliishi. Bibi alinipita ukumbini akiwa na uso wa mtu asiyemjua mtu, na sikumlaumu.

Uchunguzi ulikuja kama Mjomba alivyosema, na hadubini ya watu wawili ikaja nayo. Yeye alishikilia neno lake: macho yameharibika mwaka huu huu, kabla ya hapo alisoma mwenyewe, na beseni ni kosa la msimamizi, siyo la mkataji. Mimi niliulizwa swali moja tu, kama nimewahi kusoma slaidi kwa niaba ya daktari. Mjomba alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Ningesema ndiyo, ningemfanya mwongo mbele ya watu aliowadanganya kwa ajili yangu. Nikasema hapana. Hilo ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kusema, na nilisema kwa upendo.

Akastaafishwa. Akaletwa daktari mpya, mwanamke mchangamfu mwenye macho mazuri, ambaye siku ya kwanza alinikuta nimeinama kwenye hadubini akaniambia kwa upole, "Hiyo niachie mimi, dada. Wewe kata." Sasa nakata. Natia rangi, napeleka, na jibu nalisikia kama wengine wanavyolisikia. Wakati mwingine namwona anahangaika na slaidi dakika kumi kutafuta kitu ambacho mimi nilikijua tangu kikiwa majini, na siwezi kufungua mdomo.

Miezi mitatu baadaye ikaja barua ya kamati, nyumbani kwa Mjomba, Jumapili mchana. Nilikuwa nimeenda kuwasalimia. Mama alikaa kwenye kochi katikati ya chumba, akavaa miwani yake, akaanza kutusomea. Kamati ilikuwa imepitia upya slaidi za miaka saba. Ilikuta makosa manne, yote katika miaka mitatu ya mwanzo, na mengi hayakumdhuru mtu. Katika miaka minne ya mwisho, ukiacha mkasa wa mtoto yule, haikukuta kosa hata moja. Kamati ilistaajabia umakini wa Daktari, ambao kwa kawaida hupungua kwa umri lakini kwake uliongezeka, na kupendekeza slaidi za kipindi hicho zitumike kufundishia.

Mama alivua miwani akafuta macho. "Unasikia, mwanangu? Hivyo ndivyo mtu anavyofanya kazi. Nawe una akili, sijui kwa nini hukusoma ukawa kama yeye. Umekaa unakatakata tu miaka yote."

"Ni kweli, Mama," nilisema.

Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, kikombe mkononi. Kisha akasema, "Soma tena hapo kwenye miaka minne." Sijui mpaka leo kama alitaka kuisikia yeye, au alitaka niisikie mimi. Mama akavaa miwani akaisoma tena, polepole, neno kwa neno, nami nikakaa pale nikisikiliza sifa zangu zote zikiitwa kwa jina lake.